Upande wa Huku

Wifi yangu ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kufunga choo cha nyumba nzima kwa saa mbili na wala asiumwe tumbo. Ukigonga mlango, anakujibu kutoka uani, siyo kutoka ndani: "Usifungue! Kuna skrini inakauka." Basi unarudi ulikotoka, miguu umeibana. Hakuna chumba kingine kisicho na dirisha, na ile dawa anayopaka kwenye skrini zake inaogopa mwanga. Ikiuona kabla ya wakati imeharibika yote. Mama yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba, amelalamika mpaka amechoka. "Nyumba hii skrini ina heshima kuliko mimi," anasema, halafu anatafuta ndala zake na kwenda kuomba choo kwa jirani.

Wifi ni mke wa marehemu kaka yangu. Mtaani wanamwita Mama Wino, ingawa hakujaliwa mtoto na hatumii wino ila wakati wa kuchora. Watu wanasema mawifi hawakai chungu kimoja. Sisi tunakaa chumba kimoja, cha mbele, mwaka wa tisa huu: cherehani yangu karibu na mlango, meza yake kule nyuma chini ya dirisha la uani. Tunagombana kila siku ya Mungu. Mimi namwambia rangi zake zitanitia doa nguo za watu, yeye ananiambia nyuzi zangu zinaingia kwenye rangi. Siku tukinyamaza, Mama anatoka chumbani kuuliza nani anaumwa.

Kazi yake niieleze, maana wengi wakisikia anachapa picha wanadhani ana mashine. Hana. Anachukua plastiki angavu, ile unayoweza kusomea gazeti ukiliweka chini yake, anachora juu yake kwa brashi na wino mweusi. Kila rangi ya picha ina plastiki yake. Skrini ni fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba kama chujio. Ikishapakwa dawa na kukauka huko chooni, anailaza uani juani, kitambaa chini, plastiki juu yake, amehakikisha mwanga unapita pale tu anapotaka yeye, na anahesabu kwa sauti. Wingu likipita anaanza kuligombeza. Kisha anaosha kwa mpira wa maji, na hapo ndipo mimi huacha cherehani nikaenda kutazama. Palipopigwa na jua, dawa imeshika. Palipofichwa na wino, dawa inayeyuka na kutoka, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka mchoro wote unakuwa njia ya kupitishia rangi. Baada ya hapo ni karatasi chini, skrini juu, rangi, na ubao wenye ukingo wa mpira wa kuikokota rangi kutoka juu hadi chini. Mkono mmoja, pumzi moja. Ukisita katikati, picha inaonyesha kwamba ulisita.

Vijana wa duka la stesheneri wamemwambia mara ngapi anunue kompyuta. Anawajibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake ziko kwenye brashi. Anachora vitu ambavyo mimi nisingevitazama mara mbili: paka wa muuza mkaa, kigoda cha fundi viatu, ndoo iliyotoboka, kiti kilichovunjika mgongo na mwenyewe bado anakikalia. Watu wananunua! Nimeona mtu kanunua picha ya ndoo yenye tundu, akaenda nayo nyumbani anatabasamu. Mimi nashona suruali inamkaa mtu sawasawa, na bado anasema nimembana kiunoni.

Kosa lake kubwa alilifanya mwaka wa kwanza. Kikundi cha kina mama kilimpa fulana sitini, akaipindua plastiki bila kujua, zote zikatoka na maandishi yanayosomeka kinyumenyume. Mwenyekiti wao alizitazama weee, akauliza kama ni Kiarabu. Tangu siku hiyo, kabla hajachora chochote, anaandika kwenye pembe ya plastiki neno moja dogo: HUKU. Maana yake, upande huu ndio wa kutazama. Likichapika na kusomeka vizuri pembeni, basi picha iko sawa. Baadaye anaikata ile pembe. Sijawahi kumwona akiruka hatua hiyo. Hata plastiki ya paka ina HUKU.

Sasa, kaka yangu alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa ugonjwa wa wiki mbili tu. Alikuwa fundi bomba, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi jioni. Na katika nyumba yenye mchoraji, hatukuwa na picha yake. Kinyozi hajinyoi. Albamu ya harusi ililowa paa lilipovuja, picha zikagandana, ukizibandua uso wake unabaki mgongoni mwa picha nyingine. Simu yake ilipotelea hospitali. Kilichobaki ni kivuli cha kitambulisho, fotokopi iliyotolewa fotokopi, uso mweusi tii kama sufuria ya kambi. Kama wangejaliwa mtoto, pengine tungekuwa na uso wa kuutazama.

Mama alinyamaza miaka mitatu. Siku aliyomaliza kupaka rangi ukuta wa sebuleni, akagongomelea msumari mmoja katikati, akaja chumba cha mbele akasimama kati yetu.

"Mwanangu," akamwambia Wifi, "unachora paka wa watu, unachora viti vya watu. Wangu je?"

Wifi aliinamisha kichwa. "Nitamchora, Mama."

Hakumchora. Wiki ikaisha, akapokea kazi ya mifuko ya nguo. Ya pili ikaisha, akapokea kadi za harusi, kazi anayoichukia kuliko zote kwa sababu ya mauamaua. Msumari ukabaki peke yake ukutani, na Mama akawa anaupangusa vumbi asubuhi, kimya, tena akihakikisha tunamwona. Mimi si mtu wa kumung'unya maneno. Nilizima cherehani nikamgeukia.

"Wifi, unamzungusha mama wa watu. Tatizo nini?"

"Kazi nyingi."

"Kazi nyingi! Kadi za harusi ulizikimbia mwaka jana kama ukoma."

Akaendelea kuosha brashi ambayo ilikuwa safi tayari. Halafu akasema, bila kunitazama: "Naogopa. Sasa hivi nasema namkumbuka, na hakuna wa kunibishia. Nikikaa chini nikachora, halafu nikakuta uso haupo? Nitakuwa nimempoteza mara ya pili, wifi yangu, na safari hii kosa litakuwa langu."

Nikamwambia nitamtengenezea chai.

Siku ya tatu baada ya hapo akaanza. Alifanya kazi mchana kutwa, mgongo kwetu, na alitukataza kumtazama. Nilimsikia tu akipumua kwa pua kama anavyofanya akivuta mstari mrefu. Plastiki tatu: mstari mweusi, hudhurungi ya ngozi, buluu ya shati la kazini, lile nililomshonea mwenyewe. Choo kilifungwa mara tatu na Mama hakusema neno. Alipitia mlango wa nyuma na ndala zake, akajiendea zake kwa jirani kama mtu mwenye miadi.

Picha ya kwanza ilipokauka, Wifi aliishika kwa ncha za vidole akampelekea Mama sebuleni. Mimi nikafuata. Mama akavaa miwani. Akaitazama, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Huyu ni nani?" akasema.

Hakusema kwa ubaya, ndicho kilichoniuma. Aliuliza kweli.

"Ni yeye, Mama," Wifi akasema.

"Anafanana naye. Anafanana naye kama binamu." Mama akaweka kidole kwenye karatasi. "Hili kovu la kwenye nyusi, mwanangu, halikuwa huku. Lilikuwa kushoto kwake. Nilimbeba begani damu ikinitiririkia shingoni, sitasahau mpaka naingia kaburini."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa na uchungu wangu pia, maana aliyemsukuma kwenye ngazi siku ile ni mimi. Nilikuwa na miaka sita, yeye saba, tuligombea mfuniko wa sufuria. Najua vizuri kovu lilikuwa wapi. Ningeweza kunyamaza, lakini ni lini nimewahi?

"Ni kushoto kweli," nikasema. "Na mfuko wa shati, Wifi, umeuweka kulia. Mfuko wa shati la kiume ni kushoto. Hata vifungo umevilaza kike. Shati nimelishona mimi!"

Wifi aliinyakua ile karatasi akaitazama pembeni. Nilijua anachotafuta. Alikuwa anaomba Mungu iwe kosa lile la fulana, kwamba plastiki aliipindua. Neno lilikuwa pale pembeni, dogo, safi, linasomeka: HUKU. Skrini haikukosea. Alichokichapa ndicho alichokichora.

"Basi ni mimi," akasema.

Alirudi chumba cha mbele akaketi kwenye kigoda chake. Nilimfuata, nikajaribu kumwambia ni kovu tu, ni mfuko tu, atarekebisha. Akasema, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine: "Miaka kumi na mmoja nimelala ubavuni mwake. Kovu sikumbuki. Shati sikumbuki. Sasa nilikuwa namkumbuka nani?"

Usiku ule nilijilaumu mpaka nikajichoka. Mdomo wangu huu, Mungu anajua kwa nini hakunipa mwingine wa akiba.

Asubuhi nilikuwa uani naanika mashuka. Wifi alikuwa ndani, kwenye dirisha lake. Alikuwa ameamua kurekebisha: aliibandika plastiki ya mstari mweusi kwenye kioo cha dirisha ili mwanga uipite, na juu yake akataka kuweka plastiki mpya anakili uso wote, kovu alihamishe. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Mimi niliinua shuka nikalirusha juu ya kamba, nikageuka kuchukua kibanio, na kaka yangu alikuwa dirishani ananitazama.

Nilipiga yowe lililomleta jirani mpaka getini. Shuka likaanguka kwenye tope. Alikuwa ni yeye, siyo binamu. Kovu lilikuwa mahali pake, mfuko mahali pake, vifungo vimelala kiume, na hata ule mdomo ambao jana nilihisi una kitu sikijui, sasa ulikuwa unakaribia kunitania kama alivyozoea. Nilikimbia ndani miguu ina tope.

"Usiiguse! Wifi, usiiguse, njoo nje!"

"Umeumwa na nini?"

"Njoo nje nakwambia!"

Nilimvuta mkono mpaka uani, nikamsimamisha pale niliposimama mimi. Akaitazama plastiki kutoka upande wa pili wa kioo. Kwenye pembe, HUKU ilikuwa inasomeka kinyume. Aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Mimi nilishindwa kuvumilia.

"Unaona? Hujasahau. Mtu aliyesahau anakosea ovyo ovyo, hiki hapa na kile kule. Wewe umekosea kila kitu upande mmoja! Umemchora mzima, kila kitu chake kipo, ila umemgeuza. Ulimwona wapi hivi?"

Alikaa chini palepale, juu ya shuka lililoanguka, nami sikumkaripia, mjue tu nilivyokuwa nimeguswa.

"Kwenye kioo," akasema.

Akanieleza, na mengine nilikuwa nayajua bila kuyajua. Kaka yangu alikuwa anaondoka kabla ya jua. Akirudi jioni, yeye Wifi yuko mezani kainama kwenye kazi, wanazungumza huku anachora. Anamsikia nyuma yake, hamtazami. Saa yao ilikuwa ile ya asubuhi. Yeye bado kitandani, shuka mpaka kidevuni, na mumewe amesimama mbele ya kioo cha kabati, mgongo kwake, ananyoa ndevu, anafunga vifungo, anamhadithia bomba gani limepasuka wapi na mwenye nyumba gani amewadanganya. Walikuwa wanatazamana kwenye kioo. Wanacheka kwenye kioo. Alikuwa akimaliza anamkonyeza humohumo kwenye kioo, halafu anachukua begi lake la spana na kutoka.

"Miaka kumi na mmoja," akasema Wifi. "Mimi uso wake nimeusoma humo."

Nilikaa naye kwenye shuka. Tulilia wote wawili, bila mpangilio, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza. Jirani bado alikuwa getini anauliza kama aite mtu.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyepesi. Hakuchora mstari mmoja mpya. Aliosha dawa yote ya zamani kwenye skrini tatu, akazipaka upya, choo kikafungwa tena, na safari hii jua lilipokuwa kali alilaza plastiki zote tatu huku zimepinduliwa, kwa makusudi, lile kosa alilolikimbia miaka yote. Kuzipindua plastiki kwa hiari, kwake, ni kama mimi nishone koti ndani nje nimpe mteja. Alihesabu kwa sauti, na wingu lililopita hakuligombeza.

Aliikokota rangi mara tatu, hudhurungi, buluu, halafu nyeusi, na karatasi ilipoinuliwa nilikwenda kumtafutia Mama miwani yake.

Mama alivaa miwani. Safari hii hakuisogeza mbali wala karibu. Aliilaza picha mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye nyusi ya kushoto, taratibu, kuelekea sikioni, kama anayefuta kitu.

"Pole, baba," akasema. "Pole. Imekwisha."

Nikatoka nikaenda kutafuta nyundo ambayo haikuhitajika, msumari si ulikuwepo. Niliporudi picha ilikuwa ukutani na Mama anainyoosha pembe. Wifi alikuwa ameshika ile ya kwanza, iliyokosewa, amekwisha kuikunja mara moja katikati.

"Hiyo unaipeleka wapi?" Mama akamuuliza.

"Naitupa, Mama. Nisije nikakuchanganya."

"Hebu lete."

Mama aliipokea, akaikunjua juu ya goti lake, akaunyoosha mkunjo kwa kiganja. Aliitazama sana, kuliko alivyoitazama ile ya ukutani. Kisha akaigeuza ikamtazama Wifi.

"Huyu mimi nimemzaa lakini sijawahi kumwona," akasema. "Mimi alikuwa ananijia mbele, nampa sahani, namgombeza, namwona mwanangu. Hivi anavyotazama hapa, hakuwahi kunitazama mimi. Hivi alikutazama wewe." Akamrudishia mkononi. "Usitupe mume wako, mwanangu. Kapigilie msumari chumbani kwako."

Wifi aliikumbatia ile karatasi kifuani, vidole vyake vikiwa bado na rangi ya buluu, na gauni jeupe nililomshonea mwezi uliotangulia likapata doa la buluu ambalo halijatoka mpaka leo. Nilikuwa na nyundo mkononi, nikatangulia chumbani kwake.